Ukuta wa Baba Juu ya Kilima cha Mashimo

Mvua ya kwanza ikigonga leleshwa, kilima chetu kizima hunuka kama kifua kilichopakwa dawa ya mafua. Leleshwa ni kile kichaka cha majani ya kijivujivu ambacho hata mbuzi hukitazama mara moja na kupita, na kwetu kimeota kila mahali ambapo jembe halijafika. Watu wengine wakiisikia harufu hiyo hushusha pumzi na kusema asante Mungu, mahindi yatatoka. Mimi huogopa. Niko kidato cha tatu sasa, msichana mkubwa ambaye kila mwalimu mpya humhamisha kutoka dawati la nyuma hadi la mbele kabla hata hajajua jina lake, lakini harufu ile ikinifikia puani ninarudi kuwa na miaka tisa. Ninarudi kusimama ukingoni mwa shimo nikiwa nimevaa gambuti za baba, miguu inaogelea ndani, macho yangu hayatoki kwenye maji.

Nieleze hilo shimo mapema, kwa maana kuna watu wakisikia neno shimo wanafikiria choo. Kilima chetu kiko juu ya Rongai, kule Nakuru, mahali ambapo ukigeuza kichwa huku unauona mgongo wa mlima Menengai na ukikigeuza kule unauona msitu wa Mau umejilaza kama blanketi lililosahauliwa nje. Lilikuwa shamba la mzungu, kisha watu wakanunua na kugawana, kila mmoja na kipande chake cha viazi na mahindi. Lakini chini ya viazi hivyo kuna mji wa zamani sana. Sisemi maghorofa. Ni mashimo ya duara, mapana kuliko nyumba, yametapakaa mteremko mzima kana kwamba jitu fulani lilikuwa likijaribu kidole gumba chake kwenye udongo mbichi. Kila shimo limejengewa kuta za mawe kwa ndani, mawe yasiyo na saruji wala udongo, yamekalishwa tu moja juu ya jingine kwa akili. Kila shimo lina mdomo mmoja, na midomo yote inatazama bondeni. Humo ndimo walimofungia ng'ombe wao. Kando ya shimo kuna viduara vidogo vya mawe ambavyo vilikuwa nyumba, na mlango wa nyumba ulitokea ndani ya shimo la ng'ombe, yaani ukitaka kwenda kulala unapiga hodi kwa ng'ombe kwanza. Nje ya kila mdomo kuna kichuguu kikubwa cha udongo mweusi, kwa kuwa wenyewe walifagia samadi na majivu siku zote za maisha yao, wakayatupa hapo hapo nje, hadi taka zao zikawa vilima vidogo vyenye nyasi. Na juu kabisa, kwenye mwamba, kuna vishimo vya bao vilivyochongwa kwa mistari, vimelainika kama sahani. Hawakuacha maandishi. Hata jina la Wasirikwa tunalowaitia walipewa na watu waliowakuta au waliofika baada yao.

Jirani yetu Gogo Kobilo ndiye aliyekuwa na habari zao, ila habari zenyewe zilibadilika kulingana na hali ya magoti yake. Gogo ni nyanya kwa watu wa kwao, na kilima kizima kilimwita hivyo. Jumatatu angekwambia Wasirikwa waliondolewa na nzige. Jumatano walikuwa wamefukuzwa na vita. Ukimpelekea chai siku ya baridi, walikuwa wameondoka wenyewe kwa sababu walichoka kusikilizana. "Walikuwa wanaongea sana," aliniambia siku moja, akinitazama mimi hasa, "kama wewe." Nilicheka, lakini usiku ule nililala nikiwaza. Watu waliopanga mawe vizuri namna ile, wakachonga bao ili wacheze hata uzeeni, waliondokaje? Na kama wao waliondoka, sisi tulioezeka mabati juu ya nguzo za mkaratusi tulikuwa akina nani hata tubaki?

Swali hilo halikuwa la mchezo nyumbani kwetu. Mama alikuwa amezaliwa Elburgon, nyuma ya kiwanda cha mbao cha babake, yaani Guka wangu. Baba alikuwa dereva wa lori la mbao katika kiwanda hicho hicho, kwa hiyo hata mapenzi yao yalinuka msonobari. Walipoamua kuhamia kilimani, Guka alikasirika. Alisaidia kulinunua shamba, lakini hakuacha kulisema vibaya, na siku ya kuhama akatoa ng'ombe mmoja mwenye mimba, mweusi mwenye baka jeupe kifuani, akampa Mama kamba mbele ya kila mtu. "Mimi simkatazi mtu kuhama," akasema. "Lakini huyu akifia kwenye hayo mashimo yenu, mtarudi hapa wewe na watoto, na sitaki kusikia habari ya kilima tena. Umesikia?" Mama akasema, "Nimesikia, Baba." Guka hakuwa mtu wa kusema jambo mara ya pili. Kwa hiyo tangu siku ile, yule ng'ombe hakuwa ng'ombe tu. Alikuwa ndiye aliyeshikilia nyumba yetu.

Nilimwita Mheshimiwa. Alitembea polepole, alikula bila kufanya kazi, na ukimpisha njiani hakukuambia asante. Mama alinikataza kumwita hivyo mbele ya wageni, kisha nikamsikia yeye mwenyewe akimwambia, "Haya Mheshimiwa, sogea." Nilimpenda ng'ombe yule kwa woga. Sikutaka kurudi Elburgon. Kule tulilala chumba kimoja na shangazi zangu wadogo walioniambia nikae vizuri hata nikiwa nimekaa vizuri, na msumeno wa kiwanda ulianza kulia kabla ya jogoo. Kilimani nilikuwa na shimo langu mwenyewe, dogo, lenye leleshwa mdomoni kama pazia, ambamo nilikuwa mwalimu mkuu, mchungaji na daktari, na mdogo wangu Kiarie alikuwa darasa, waumini na mgonjwa.

Baba alilitazama shimo lililo karibu na nyumba, akaona zizi la bure. Kuta ziko tayari, upepo haupiti, kazi ni kuezeka pembe moja tu. Kilichomkera ni mdomo. Mdomo ulikuwa upande wa chini, mbali na nyumba, na Mama angelazimika kuzunguka na ndoo ya maziwa kila asubuhi. Basi wakati wa kiangazi, wikendi alizotoka kwenye lori kule Elburgon na kuwa nyumbani, baba akauziba ule mdomo. Aliujenga ukuta wa mawe na saruji, akaupiga plasta, akarudi nyuma hatua kadhaa kuutazama kama mtu anayetazama picha yake ya harusi. Kisha akakata njia mpya upande wa juu, kwenye ukingo unaotazamana na mlango wa jikoni, akatengeneza mteremko wa udongo wa kuingilia na kuweka geti la mbao nzuri za Elburgon. Kile kichuguu cha nje alikipakia kwenye mkokoteni kidogo kidogo, akakipeleka kwenye viazi, na viazi vya mwaka ule vilikuwa na nyuso za kutisha kwa ukubwa.

"Kwani hawa watu kwa nini waliweka mlango kule chini?" Mama alimuuliza siku geti lilipofungwa.

"Labda walipenda kuangalia Mau," baba akasema. "Hawakuwa na TV."

Tulicheka wote, hata Kiarie ambaye hakuelewa. Gogo Kobilo alikuwa amesimama ukingoni na fimbo yake. Hakuwa akiingia kwenye mashimo, eti kwa sababu ya heshima, ingawa baadaye alikiri aliwahi kuanguka ndani ya moja akiwa msichana, akavunja jino. "Baba Njeri," akasema, akimwita baba kwa jina langu, "umeziba mlango wa wenyewe?"

"Wenyewe wako wapi, Gogo?"

"Siku wakirudi wataingilia wapi?"

"Watapiga simu," baba akajibu, naye Gogo akacheka hadi akashika mbavu. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyeonya mtu, hakuna aliyejua. Sote tuliuona ukuta ule, tukaukubali, na mimi nilijivunia kuliko wote, kwa kuwa hakuna mtoto mwingine kilimani ambaye babake alikuwa amewarekebisha Wasirikwa.

Halafu mvua ikaja. Mwanzoni ilikuwa ya adabu, inanyesha alasiri na kuacha kabla ya giza. Maji yalikusanyika katikati ya shimo kama chai iliyomwagika kwenye kisosi, Mama akayachota na sufuria kuukuu. Siku zilizofuata kisosi kikawa sahani, sahani ikawa karai. Baba alileta magunia ya vumbi la mbao tukamwaga humo likanyonye maji, nalo likaelea, na kesho yake Mheshimiwa alikuwa amesimama ndani ya uji. Kwato zake zikaanza kugeuka rangi, zikawa laini pembeni kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Mchana Mama alimfunga nje, lakini jioni ilibidi arudi shimoni, kwa sababu wezi wa mifugo walikuwa wakionekana upande wa barabara na zizi jingine hatukuwa nalo. "Nikija Jumamosi nitajaza changarawe ya murram," baba alisema kwenye simu. Jumamosi ikafika, lori likawa limekwama kwenye matope msituni. "Basi Jumamosi ijayo."

Ninachokumbuka zaidi ni jinsi nyumba ilivyonyamaza. Mama aliacha kuimba akiosha vyombo. Alitoka kila mara kwenda kwenye geti la juu, akasimama na kanga kichwani akitazama chini, akarudi. Nami nikafanya nifanyavyo hadi leo nikiogopa, nikaanza mizaha. Nilitania kila kitu. Usiku wakati wa kula nilisema, "Mama, Mheshimiwa akizaa saa hii tutapata kambare." Kandambili ya mama yangu kwa kawaida ilirushwa ili inikose. Usiku ule haikunikosa. Kiarie akacheka, kisha akaona uso wa Mama, akaanza kulia, na mimi nikamaliza ugali wangu nikiwa nimeinamia sahani, nikiwaza chumba cha shangazi zangu na msumeno ule. Niliwaza pia kwamba labda hivi ndivyo mji unavyoisha. Hakuna nzige wala vita. Ni ng'ombe mmoja tu, na mama mmoja anayetoka nje kutazama, na kurudi.

Siku yenyewe ilianza na jua kali lisilo la kawaida. Tulikuwa tumefunga shule. Baada ya chakula cha mchana Mheshimiwa alikataa nyasi, akawa anainua mkia na kugeuka kutazama ubavu wake kana kwamba kuna mtu amemwita. Mama akamgusa nyuma, akasema, "Ni leo." Wakati huo huo wingu lilitoka upande wa Mau, jeusi chini na jeupe juu, lile wingu ambalo watu wa kwetu wakiliona wanaanua nguo kwa kukimbia. Ni wingu la mvua ya mawe. Ng'ombe anayezaa huwezi kumwacha nje kwenye mvua ya mawe, na mahali pekee palipokuwa na paa la kumtosha ni ile pembe iliyoezekwa shimoni. Mama akamshusha. Alikuwa hajafunga geti vizuri mawe yalipoanza kugonga mabati.

Kelele ile siwezi kuiandika. Baada ya mawe yakaja maji, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Mteremko wote wa juu, shamba letu na la Gogo na njia ya mkokoteni, ulikuwa ukimimina maji yake kwenye ile njia mpya aliyoikata baba. Geti lilikuwa mfereji. Maji yalipita chini ya mbao nzuri za Elburgon, mekundu, yenye povu, yakaingia shimoni kama watu waliokaribishwa. Na upande wa chini, mahali ambapo yangetokea, palikuwa na ukuta wa baba. Mheshimiwa alikuwa amesimama, maji yamempita magoti, anatetemeka. Gogo Kobilo akafika amelowa, amejifunika gunia, na bila kukumbuka heshima wala jino lake akashuka ndani. Yeye na Mama wakafunga kamba shingoni wakavuta, mimi nikasukuma nyuma, ila ule mteremko wa udongo ulikuwa umegeuka mlenda. Mheshimiwa alipanda hatua mbili tatu, miguu ya mbele ikateleza, akaanguka magoti na kurudi chini na tumbo lake lote. Alitoa sauti ambayo sikujua ng'ombe anayo. Tulijaribu tena. Mara hii alipoanguka alikawia kuinuka.

Mama alitoa simu kwenye sidiria, akajikunja juu yake kuizuia isilowe. "Baba Njeri! Maji yamejaa! Ng'ombe anazaa ndani! Nibomoe ukuta?" Alikuwa ameweka sauti ya nje ili asikie, na sote tukamsikia baba kutoka Elburgon, katikati ya mlio wa injini.

"Ukuta? Ukuta umefanya nini? Mvuteni apite juu!"

"Tumemvuta!"

"Vuteni na kamba mbili! Mama Njeri, huo ukuta nimeuwekea nondo, usiuguse, utakuanguki..." Simu ikakata. Mtandao wetu huwa haupendi mvua.

Mama aliitazama simu, akamtazama ng'ombe. Siwezi kudai nilijua aliyokuwa akiyafikiria. Ninajua nilichofikiria mimi: ukuta ni wa baba, na ng'ombe ni wa Guka, na katikati yao hakuna kitu chake yeye isipokuwa kukaa pale kilimani. Akasema, "Njeri, leta sururu."

Sikuondoka.

"Njeri! Sururu!"

Nilikimbia. Niliporudi alikuwa ameshazunguka upande wa chini, nje ya ukuta, kule bondeni, nikamrushia sururu kutoka ukingoni. Kutoka juu niliweza kuona pande zote mbili kwa pamoja: ndani, maji yamefika tumboni mwa Mheshimiwa; nje, mama yangu, mdogo, kanga imeng'ang'ania mgongo, amesimama mbele ya ukuta unaotoka jasho. Kweli ulikuwa unatoka jasho. Kwenye nyufa za plasta maji yalikuwa yakichuruzika mistari myembamba. Hapo hofu yangu ikahama. Ilimwacha ng'ombe, ikaiacha Elburgon na shangazi zangu, ikamrukia Mama. Alipiga pigo la kwanza na sururu ikadunda. Baba, ambaye huweka sukari kidogo kwenye chai kwa kubana matumizi, hakuwa amebana saruji hata chembe.

"Toka mbele, wewe mama!" Gogo alipiga kelele kutoka ndani, amemshikilia Mheshimiwa pembe ili kichwa kisizame. "Piga ukiwa kando! Unataka kuzikwa na watoto wanaangalia?"

Mama akasogea kando, akaacha kupiga katikati, akainama chini kabisa ambapo ukuta ulikutana na ardhi. Alichokonoa, akachokonoa. Mimi nilikuwa nikipiga kelele bila maneno. Jiwe moja la chini likatoka kama jino, maji yakaruka kwa urefu wa mtu, na kabla hajainuka ukuta wote ukalegea kwa mlio wa gunia la viazi linaloporomoka. Nikamwona, kisha sikumwona. Palikuwa na tope tu linalokimbia, na vipande vya plasta, na vumbi la mbao la wiki nzima.

Alikuwa ameangukia kwenye mabaki ya kile kichuguu ambacho baba hakuwa amemaliza kukibeba. Aliinuka akiwa mwekundu kuanzia nywele hadi vidole, ametapakaa samadi ya watu na ng'ombe waliokufa zamani, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Sururu iko wapi?" La pili lilikuwa, "Angalieni ng'ombe!" Kwa maana Mheshimiwa, ambaye alikuwa amekataa kupanda kwa kamba na kwa kusukumwa na kwa kuombewa, alikuwa anatoka. Alifuata maji, polepole, kichwa chini, akapita kwenye ule mdomo wa zamani kana kwamba ametumia mlango huo maisha yake yote. Chini ya miguu yake, mahali ukuta ulipong'oka, maji yalikuwa yamesafisha kitu ambacho hatukuwahi kukiona: mawe bapa, yamepangwa moja baada ya jingine, yameinamia bondeni kidogo tu, katikati yametengenezwa bonde jembamba kama kiganja kinachopokea. Ilikuwa sakafu, na ilikuwa mfereji. Watu wale hawakuwa wakiangalia Mau.

Alizaa pale pale kwenye kichuguu, mahali pakavu kuliko pote. Ndama alitoka na hakufanya kitu. Mama alimfuta pua kwa mikono, Gogo akachuma unyasi akamtia puani akiuzungusha na kumtukana kwa Kitugen, lugha ya kwao, matusi marefu yenye vituo na aya. Ndama akapiga chafya. Gogo akaketi kwenye matope, akasema kwa Kiswahili, "Jike. Atakuwa na kichwa kigumu huyu," na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi Mama akacheka, akicheka na kulia pamoja, hadi Kiarie akatoka nyumbani na mwavuli kuuliza kama anaumwa.

Baba alifika kesho yake kwa miguu, bila lori, viatu mkononi. Mama alimwacha aende peke yake. Nilimfuata kwa mbali, nimejificha nyuma ya leleshwa, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuona mtu akivunjiwa ukuta na mke wake na nilitaka kujifunza. Alisimama mdomoni. Akainama, akapitisha kiganja kwenye yale mawe bapa, akafuata ule mfereji kwa kidole hadi mwisho. Akageuka juu, akatazama njia yake, geti lake, na alama ya maji ukutani. Aliporudi jikoni aliuliza kitu kimoja.

"Mlibomoa na nini?"

"Sururu yako," Mama akasema.

"Hiyo iliyolegea mpini?"

"Hiyo hiyo."

Akanywa chai yake yote. Halafu akasema, "Pole," neno moja, akiangalia kikombe, na Mama akamwongezea chai na kuweka sukari bila kumuuliza kiasi. Guka aliambiwa habari za ndama tu. Hadi leo anawasimulia watu wa Elburgon kwamba yeye ndiye aliyejua ng'ombe gani angefaa kilimani.

Tukabaki. Kile kichwa kigumu kimeshazaa mara kadhaa, na zizi letu lina mdomo wake pale Wasirikwa walipouacha. Wageni hushangaa kwa nini tunaizunguka nyumba yetu wenyewe na ndoo ya maziwa. Gogo alifariki mwaka juzi, akatuachia sababu nyingi za Wasirikwa kuondoka, na hakuna mbili zinazofanana. Shuleni mwaka huu mwalimu wa historia alifundisha habari za Wasirikwa kwa nusu ukurasa. Niliponyoosha mkono kueleza mambo ya mfereji alisema, "Njeri, kama ni mzaha, weka mpaka mapumziko." Sikuudhika sana, maana kwa rekodi yangu hata mimi nisingejiamini. Ila kilima chenyewe kimebadilika haraka kuliko vitabu. Vipande vinauzwa na kukatwa tena, vidogo zaidi. Greda limepita. Watu wa Nakuru mjini wanajenga nyumba za wikendi zenye madirisha makubwa, na jambo la kwanza wanalofanya ni kujaza mashimo murram ili wapate uwanja wa kugeuzia gari. Siwachukii. Wanaona shimo, kama baba alivyoona zizi la bure. Nilipokuwa mdogo niliogopa kwamba sisi tungeondoka kama Wasirikwa na mawe yao yangebaki. Sasa naona huenda mawe ndiyo yatakayotangulia.

Baba naye ameachana na lori, anajenga vitu vidogo vidogo nyumbani, na tangu mwaka ule hajawahi kuweka jiwe juu ya jiwe kabla ya kumwaga ndoo ya maji mahali hapo na kutazama yanakokwenda. Hachimbi, hapimi kwa kamba, hajadiliani na Mama. Anamwaga, anasimama na mikono kiunoni. Tumezoea, hata tunaleta viti. Likizo hii alitaka kuongeza jiko nyuma ya nyumba. Harufu ya leleshwa ilikuwa imeanza, mawingu yamekaa juu ya Mau hayajaamua. Nikambebea ndoo. Maji ya upande ule huwa yanateremka kushoto, yanapita kando ya zizi, yanatokea mdomoni na kwenda zake bondeni. Ningeweza kukuchorea njia yake nikiwa nimefumba macho. Baba akamwaga. Maji yakaenda kidogo kushoto, yakafika pale ambapo udongo wa jirani wa juu, aliyejaza shimo lake mwezi uliopita, umeshukia kwetu kama ulimi. Yakasimama. Kisha yakageuka, membamba, hayana haraka, yakaja moja kwa moja hadi kizingiti cha mlango wa nyumba na kukilamba.

Kiarie alicheka, akaniangalia mimi niseme neno. Mama aliacha kumenya viazi. Baba alitazama juu kwenye nyumba ya madirisha makubwa, akatazama mawingu, akatazama kizingiti, akanirudishia ndoo.

"Lete ingine," akasema.